Shangazi Yangu si Bonga Points: Hadithi Ndefu ya Thuluthi Mbili

Mwaka jana nilifanya video ya dakika moja na nusu. Nilikuwa nimevaa wigi, nimejipaka lipstiki, nikijifanya MCA wa kuteuliwa. Mtu ananiuliza, "Mheshimiwa, wewe unawakilisha wadi gani?" Nami najibu kwa madaha, "Wadi ya Bonga points, dear." Kama hujui, hivyo ndivyo MCA wa kike walioteuliwa huitwa mtaani, na wakati mwingine hata ndani ya mabunge ya kaunti. Bonga points, zile alama za bure unazopata ukitumia kredi ya simu. Watu walicheka. Video ikaenda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka mtandaoni.

Ikaenda mbali mpaka ikafika kwa shangazi yangu. Na shangazi ni MCA wa kuteuliwa.

Hakunipigia simu na hasira. Alipiga Jumapili jioni, akauliza habari za mama, habari za kazi, kama bado nakula chipsi kila siku. Halafu akasema, "Nimeona ile video. Umeigiza vizuri. Sasa nikuulize swali moja tu, mwanangu. Ile tenda ya makoti ya reflekta, ulishindana na nani?"

Nikanyamaza.

Wacha nieleze. Mwaka 2023 mimi na marafiki wawili tulisajili kakampuni, tukachukua cheti cha AGPO. Huu ni ule mpango wa serikali ulioanza 2013, ambapo asilimia 30 ya zabuni zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tukapata tenda ndogo ya kupeleka makoti ya reflekta kwa idara moja ya kaunti. Tenda yenyewe ilikuwa ya vijana pekee. Zile kampuni kubwa zenye stoo Industrial Area hazikuruhusiwa hata kuomba. Na pesa za hiyo tenda ndizo zilinunua kamera niliyotumia kurekodi ile video ya kumcheka shangazi.

Hakuna mtu aliyewahi kuniita Bonga points. Niliitwa hustler. Niliitwa kijana anayejituma.

Hilo swali lilinikaa rohoni. Nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua hii kitu ya thuluthi mbili ilitoka wapi, na kwa nini mimi nikibebwa ni bidii lakini shangazi akibebwa ni mchezo. Nilichokipata ndicho nawaletea leo. Ni ndefu kidogo, vumilia.

Nani alibebwa kwanza?

Hoja ninayoisikia kila mara ni hii: wanawake waingie uwanjani wapigane kama kila mtu, mambo ya kupendelewa yaishe. Ni hoja tamu. Nami niliimeza miaka mingi. Lakini inachukulia kwamba uwanja ulikuwa tambarare, halafu 2010 mtu akaja akauinamisha upande wa wanawake. Hebu tuangalie.

Alliance High School, shule iliyotoa viongozi wengi wa Kenya huru, ilifunguliwa 1926. Ya wavulana. Ile ya wasichana, ambayo leo tunaiita Alliance Girls, ilianza 1948. Hesabu hapo: miaka 22. Mvulana aliyeingia mwaka wa kwanza angeweza kumaliza shule, kufanya kazi, kuoa na kuwa na binti wa kidato kabla dada zake hawajafunguliwa mlango. Ndiyo maana ilipofika 1963, baraza la kwanza la mawaziri lilijaa watu waliopitia Alliance, na wote walikuwa wanaume. Waliokuwa na akili sawa na wao lakini walizaliwa wasichana walikuwa wapi? Wengi walikuwa shambani.

Na hilo shamba lilikuwa la nani? Mwaka 1954 serikali ya mkoloni ilileta mpango wa Swynnerton, wa kukusanya vipande vya ardhi na kuvipa hatimiliki. Kwenye karatasi likaandikwa jina la mwenye boma, na mwenye boma alikuwa mwanaume. Kabla ya hapo, katika jamii nyingi mke alikuwa na haki yake ya kulima na kuvuna ambayo mume hangeivunja kirahisi. Hatimiliki haikuiona hiyo haki. Iliona jina moja tu. Baadaye benki zilipoanza kuuliza dhamana ya mkopo, unajua ni nani alikuwa na kitu cha kuweka mezani. Kampeni za siasa Kenya zinaendeshwa na pesa, na pesa kitambo zilikopwa kwa shamba.

Usiniambie wanawake hawakuwa wanataka siasa. Machi 1922, Harry Thuku alipokamatwa na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, wanaume walikuwa wameanza kurudi nyumbani. Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewazomea na kuwaambia wavue suruali wampe yeye avae. Umati ukasonga mbele, risasi zikapigwa, na Nyanjiru akafa pale. Kule Giriama, Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawakusanya watu dhidi ya Mwingereza tangu 1913. Waingereza wakamkamata na kumpeleka mbali, naye akatoroka akarudi kwao. Kazi ya kufa ilikuwa wazi kwa jinsia zote. Kazi ya kukaa mezani ndiyo iliyokuwa na masharti.

Kwenye mkutano wa Lancaster House wa 1962, ule wa kupanga katiba ya uhuru, ujumbe wa Kenya ulikuwa na mwanamke Mwafrika mmoja, Priscilla Abwao. Mmoja.

Na katiba waliyorudi nayo? Ilikataza ubaguzi wa kabila, rangi, dini na mengineyo, lakini neno jinsia halikuwemo. Liliongezwa 1997. Soma tena: kwa miaka 34 ya uhuru, orodha ya ubaguzi uliokatazwa na katiba haikutaja mwanamke. Hata baada ya hapo, sheria za ndoa, talaka, mazishi na urithi ziliachwa nje ya ulinzi huo. Mwanamke Mkenya aliyeolewa na mgeni, mtoto wake akizaliwa nje ya nchi, mtoto huyo hakuwa Mkenya kupitia mama. Baba Mkenya alipitisha uraia bila shida. Hilo lilidumu mpaka 2010. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa tumezaliwa.

Kwa hivyo upendeleo ulikuwepo siku zote. Haukuwa na jina tu. Uliitwa mila, uliitwa sheria, uliitwa "ndivyo mambo yalivyo". Ulipogeuka upande mwingine ndipo tukakumbuka kuupa jina.

Mmoja, sita, kumi na sita

Bunge la 1963 lilianza bila mwanamke hata mmoja. Ilibidi tungoje mpaka 1969, Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu tayari, akachaguliwa mbunge. Alikuwa wa kwanza, na mwaka huo alikuwa wa pekee kuchaguliwa. Mwaka 1974 wakaingia wengine wachache, akiwemo Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, msichana mdogo wa umri wangu mimi. Alisema sana kuhusu ardhi, akaishia kuhukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu kwa uchochezi. Waziri kamili wa kwanza mwanamke, Nyiva Mwendwa, aliteuliwa 1995. Kutoka uhuru mpaka hapo ni miaka 32.

Vyama vingi viliporudi 1992, wanawake sita walichaguliwa, kati ya viti 188. Mmoja wao alikuwa Phoebe Asiyo wa Karachuonyo.

Huyu mama ningependa mumjue. Mwaka 1997 alisimama bungeni na hoja ya kutaka hatua maalum zichukuliwe ili wanawake zaidi waingie bungeni. Alikuwa akiongea na ukumbi wa wanaume. Hoja ikaangushwa. Lakini aliendelea na hiyo kazi nje ya bunge, hadi kwenye tume iliyozunguka nchi ikikusanya maoni ya katiba mpya. Aliaga dunia 2025. Kati ya hoja yake na kifo chake ni miaka 28, na alichokiomba bado hakijatimia kikamilifu.

"Lakini si tulipitisha katiba 2010?" Tulipitisha. Na hapa ndipo mimi mwenyewe nilishangaa.

Sentensi moja iliyokosekana

Katiba ya 2010 inasema, Kifungu cha 27, kwamba Serikali ichukue hatua ili si zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa wawe wa jinsia moja. Kifungu cha 81 kinarudia jambo hilo kwa upande wa uchaguzi. Ona maneno yenyewe: jinsia moja. Haisemi wanawake. Siku wanaume watakapokuwa wachache, sheria hiyohiyo itawalinda.

Sasa linganisha sehemu mbili. Kifungu cha 177, kinachohusu mabunge ya kaunti, kinaeleza namna ya kufanya: baada ya kura kuhesabiwa, kama jinsia moja imezidi thuluthi mbili, viti maalum vinaongezwa mpaka hesabu ikae sawa. Mtambo upo. Ndiyo maana tangu 2013 mabunge ya kaunti yanaweza kutimiza sheria. Ndiyo maana shangazi yupo pale.

Kifungu cha 97, cha Bunge la Kitaifa, hakina mtambo huo. Kinasema wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Basi. Jumla 349. Thuluthi moja yake ni watu 117. Uchaguzi wa 2022 wanawake 29 walishinda viti vya maeneo bunge. Ongeza wale 47, unapata 76. Hata vyama vingewapa wanawake vile viti 12 vyote, ungefika 88. Bado pengo la 29. Hiyo ndiyo hesabu, na haihitaji digrii.

Kwa hivyo tukisema "utamaduni wetu haujakubali viongozi wanawake", tujiulize kwa nini utamaduni huohuo, kwa wapiga kura walewale, siku ileile ya kura, umetoa mabunge 47 ya kaunti yanayofikia sheria na Bunge moja la taifa lisiloifikia. Tofauti yao ni sentensi moja. Na wenye kalamu ya kuiandika ni wabunge.

Mswada uliouliwa na viti vitupu

Suala lilienda Mahakama ya Juu kabla ya uchaguzi wa 2013. Tarehe 11 Desemba 2012 majaji wengi walisema kanuni hii itimizwe hatua kwa hatua, na wakaweka ukomo: 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Yeye aliona itimizwe kwenye uchaguzi huo huo. Ukitazama nyuma leo, unaona ni nani alikuwa anaijua Kenya.

Agosti 2015 ikafika. Bunge likajiongezea mwaka mmoja. Mwaka 2016 ukaletwa mswada wa kurekebisha katiba, uweke mtambo kama ule wa kaunti. Ulihitaji kura 233. Mara ya kwanza ulipata 195. Ukarudishwa baada ya siku chache, ukapata 178. Waliosimama kusema hapana walikuwa wachache mno. Wengi hawakuja tu. Walikunywa chai mahali pengine. Machi 2017 Mahakama Kuu ikawapa siku 60. Zikapita. Bunge jipya likaingia, mswada mwingine ukaletwa, na Februari 2019 ukakwama tena kwa sababu ileile: wabunge wa kutosha hawakuwa ukumbini.

Hapa ndipo Jaji Mkuu David Maraga, tarehe 21 Septemba 2020, alipomwandikia Rais Uhuru Kenyatta kumshauri avunje Bunge, kwa sababu Kifungu cha 261 kinasema hivyo ndivyo inavyofanywa Bunge likikataa kutunga sheria inayodaiwa na katiba. Nchi ilitetemeka siku mbili tatu. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, Bunge likabaki, na tukaenda kwa uchaguzi wa 2022 bila ile sentensi.

Nilipoyasoma haya nilielewa kitu kimoja. Ubaguzi wa zamani ulikuja na notisi: hapa wanawake hawaingii. Wa siku hizi hauna notisi. Kila mtu anaunga mkono, kila mtu anapiga picha Machi 8 na kitambaa cha zambarau shingoni, na siku ya kura viti viko vitupu. Ukitaka kumshika aliyekubagua, humwoni. Hakuwepo.

Hoja zenu, nimezisikia

Nilipoweka kipande kifupi cha haya, mlinijibu. Nitajaribu kuwa mkweli.

Ya kwanza: mzigo wa mishahara. Ni kweli, kila kiti kinalipwa, na mlipa kodi amechoka. Lakini kuna njia zisizoongeza kiti. Vyama vingelazimishwa kuwasimamisha wanawake katika maeneo wanayojua watashinda, pengo lingepungua bila shilingi mpya. Na wabunge wangeweza pia kupunguza maeneo bunge. Sijasikia akipendekeza kupunguza lake.

Ya pili: viti vinapewa marafiki, wapenzi na jamaa za wakubwa wa chama. Hii inauma kwa sababu mara nyingine ni kweli. Lakini orodha inaandikwa na nani? Wakubwa wa chama. Tunamcheka aliyeandikwa, tunamwacha aliyeshika kalamu. Na wanaume waliobebwa na jina la baba mpaka bungeni, hao tunawaita nini? Tunawaita damu ya uongozi.

Ya tatu: viti vya bure vinalemaza. Hii ndiyo nilitaka kuamini zaidi, nayo historia imenikatalia. Naisula Lesuuda aliingia Seneti 2013 kwa kuteuliwa. Mwaka 2017 aligombea Samburu Magharibi, akashinda, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge kutoka Samburu. Sophia Abdi Noor aliwahi kuwa mbunge wa kuteuliwa, na 2017 watu wa Ijara wakamchagua, wa kwanza kutoka Kaskazini Mashariki. Gladys Wanga alikaa miaka tisa kwenye kile kiti cha wanawake cha Homa Bay, na leo ni gavana. Mwaka 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa gavana Kenya nzima. Mwaka 2017 walikuwa watatu. Mwaka 2022, saba. Na wanawake wa maeneo bunge walitoka 16 hadi 23 hadi 29. Mtu akionekana akifanya kazi, wapiga kura hujifunza kumwona. Kwani wangemwonea wapi kabla?

Lakini tusijidanganye pia. Ishirini na tisa kati ya 290 ni asilimia 10. Kwa mwendo wa viti sita kila uchaguzi, piga hesabu ni lini tutafika. Binti yangu, nikija kumpata, atakuwa nyanya.

Kuhusu shangazi

Nilimtembelea mwezi uliofuata. Nilibeba sukari na mkate, kama mtu anayeenda kuomba msamaha. Hakuniruhusu niombe. Alinipeleka sokoni badala yake, akanionyesha vyoo. Vyoo vya kawaida tu, vya matofali, vina milango na maji. Alinieleza kwamba wamama wa soko hilo walikuwa wakishinda tangu saa kumi na moja alfajiri hadi jioni bila kunywa maji, ili wasilazimike kwenda haja vichakani. Mama wengine waliugua kwa sababu ya hilo. Alilisema jambo hilo kwenye kamati mara ya kwanza, mwenzake mmoja akacheka, akasema, "Mheshimiwa Bonga points ametuletea mambo ya choo." Akalisema mara ya pili. Mara ya nne likaingia kwenye bajeti.

"Wao walikuwa wanapita hapa kila kampeni," akaniambia. "Hawakuwa wabaya. Hawajawahi tu kukaa hapa siku nzima wakiwa wanawake."

Hilo ndilo jibu la kwa nini, kwangu mimi. Na ndilo pia jibu la kwa nini ile tenda yangu ilikuwa haki: bila cheti cha vijana, hakuna ofisi ingejua kama naweza kupeleka makoti 80 kwa wakati. Nilipeleka. Nilikuwa na uwezo kabla ya tenda. Kilichokosekana ni mlango.

Video nimeiondoa. Shangazi alisema si lazima, lakini nimeiondoa. Na 2027 hatarudi kwenye orodha ya chama. Anagombea wadi, dhidi ya wanaume watano mpaka sasa, mmoja wao ana lori la mchanga na mwingine ana shemeji kwenye makao makuu ya chama. Ameniomba nimrekodie video za kampeni. Nikamwambia nitafanya bure. Akakataa, akasema atalipa, na nimtolee risiti.

Wewe pia una kazi moja. Mbunge wako atakuja kuomba kura. Usimuulize kama anaunga mkono wanawake, atasema ndiyo. Kama alikuwa bungeni siku za ile miswada, muulize alikuwa ameketi wapi kura ikipigwa. Kama ni mgeni, muulize atakuwa ameketi wapi.